Apatimenti Barcelona kwa familia ya watu 5, mwezi Juni: tuangalie nini kabla ya kulipia?

Kirumba Kwetu

Wakuu, habari za jioni. Tunatarajia kwenda Barcelona tarehe 16 hadi 25 Juni, yaani usiku 9, shule zikiwa zimefungwa. Tuko watano: mimi na mke wangu, mama mkwe mwenye shida ya magoti, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 5. Hoteli ya vyumba viwili bei haishikiki, tumeona bora apatimenti yenye jiko. Zimebaki mbili: moja iko mtaa wa Eixample, imeandikwa "1r 2a", nyingine mtaa wa Poblenou karibu na bahari, ghorofa ya 4 yenye lifti. Mimi naona ya ghorofa ya kwanza ndiyo itamfaa bibi. Je, viza kwa sisi wa Mwanza ikoje, na buking inatakiwa iweje? Halafu mke wangu anauliza unga na dagaa vinaruhusiwa kubebwa? Natanguliza shukrani.

Bwiru Juu

Mkuu, hiyo "1r" isikudanganye. Majengo ya zamani ya Eixample hayahesabu ghorofa kama sisi. Ukiingia mlangoni uko *baixos*, yaani chini. Juu yake mara nyingi kuna *entresòl*, kisha *principal*, ndipo inapoanza "1r". Kwa hiyo ghorofa ya kwanza inaweza kuwa ya tatu kwa hesabu ya miguu ya bibi. "2a" ni namba ya mlango tu.

Mwombe mwenye nyumba picha mbili: kibao cha kengele kilichoko nje (utaona Entl., Pral., 1r, 2n zimepangana), na mlango wa lifti ulivyo ukitokea barabarani. Jibu la "lifti ipo" halitoshi. Majengo mengi ya zamani lifti iliongezwa baadaye, ikabanwa katikati ya ngazi: inabeba watu 3 au 4, na wakati mwingine unapanda vidato vinne vitano ndipo uifikie. Vidato hivyo ndivyo vya kuuliza. Kama lifti ya Poblenou inaanzia usawa wa barabara, mimi ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Ufukwe wa Nova Icària uko jirani, na majira ya joto una wahudumu wa kuwasaidia wenye shida ya kutembea kuingia majini.

Kagua na vyumba. Tangazo likisema watu 6, mara nyingi wawili wanalala kwenye kochi la sebuleni. Chumba kilichoandikwa *interior* dirisha lake linatazama tundu la hewa katikati ya jengo: mchana ni giza, na harufu ya vitunguu vya jirani inaingia. Uliza pia kiyoyozi kiko chumba gani, maana nyumba nyingi kipo sebuleni peke yake.

Na tarehe zako zina jambo. Usiku wa 23 Juni ni mkesha wa Sant Joan, fataki zinapigwa hadi alfajiri na fukwe zinafurika, hasa upande huo huo wa Poblenou. Tarehe 24 ni sikukuu, maduka mengi yanafungwa. Nunueni chakula mapema tarehe 23.

Meza ya Makaratasi

Kabla ya yote, namba ya leseni. Apatimenti halali ya watalii Barcelona ina namba inayoanza na HUTB, na lazima iwe kwenye tangazo. Tovuti ya manispaa ya jiji ina sehemu ya kuihakiki. Linganisha anwani hadi ghorofa na mlango, kwa sababu matapeli wanaazima namba ya nyumba nyingine. Kukodisha chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu kwa chini ya siku 31 hakuruhusiwi pale mjini. Jiji limetangaza kutohuisha leseni za apatimenti za watalii zitakapoisha Novemba 2028, hivyo mtu anayekuambia "leseni inakuja" mpite. Akikuomba utume hela benki nje ya tovuti mliyokutania, mpite kwa kasi zaidi.

Viza ni ya Schengen, yaani moja kwa kundi la nchi za Ulaya, Hispania ikiwemo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Kwa safari ya 16 Juni unaweza kuanza 16 Desemba. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila sheria inaruhusu zifike 45, kwa hiyo ukiomba Mei unacheza na tiketi zako. Ada ni yuro 90 kuanzia miaka 12, yuro 45 kwa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 bure. Nyinyi ni watu wanne wa kulipa, yuro 360, na hairudi mkinyimwa. Alama za vidole zinachukuliwa Dar, kwa hiyo bibi naye asafiri, isipokuwa kama alipewa viza ya Schengen na kuweka alama ndani ya miezi 59 iliyopita. Mtoto chini ya miaka 12 hachukuliwi alama.

Buking iwe na majina yote matano kama yalivyo kwenye pasi, anwani kamili, na tarehe zinazolingana na tiketi za ndege. Jina moja tu na "guests 5" linaleta maswali. Chukua ile inayoruhusu kufuta bila kukatwa, ulipie yote viza ikishatoka. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000 na ifunike nchi zote za Schengen.

Kuna kodi ya utalii pia, mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona. Wanalipa wenye miaka 17 kwenda juu, kwa usiku 7 wa kwanza tu. Kwenu ni watu 3 mara usiku 7, yaani mtalipia mara 21. Kiwango kimekuwa kikipanda, kiulize siku unayobuku.

Mama Kulwa

Hapo kwenye jiko nisikilizwe mimi. Muulize mwenye nyumba kama ni *vitro* (jiko la umeme la kioo linalopata moto lenyewe) au *inducción* (induksheni, linalopasha sufuria kwa sumaku). Vitro inapokea sufuria yoyote. Induksheni haiisikii sufuria ya alumini hata kidogo, inataka chombo ambacho sumaku inanata chini yake. Mkitaka kubeba sufuria ya ugali, ijaribuni na sumaku hapo nyumbani.

Unga bebeni sembe kilo 2 au 3 kwenye pakiti yake ya kiwandani. Kule mtakuta *maicena*, huo ni wanga wa kuzitisha mchuzi. Harina P.A.N. ni mahindi yaliyokwisha kupikwa, hauivi kama sembe. Dagaa wakavu wa Mwaloni wanaruhusiwa: kila msafiri anaweza kuingiza Ulaya samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake, na samaki mbichi awe ametolewa matumbo. Fungeni mara tatu, harufu isije ikawa kesi ndani ya ndege. Nyama, maziwa na samli marufuku. Embe linataka cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi na nazi hazitaki.

Umeme wa nyumba zile una kikomo cha mkataba, nyingine kW 3.45 au 4.6. Oveni, kiyoyozi na mashine ya kufulia vikiwaka pamoja, unakata. Hapo si mgao: zima kimoja, kisha rudisha swichi kubwa kwenye boksi karibu na mlango. Maji ya moto yakitoka kwenye tangi la lita 50, watu watano hawaogi mfululizo, mpeni bibi zamu ya kwanza. Soketi ni za pini mbili za duara, bebeni adapta. Volti ni 230 kama zetu.

Kirumba Kwetu

Asanteni sana, Eixample nimeifuta. Moja la mwisho: tunatua saa 2 usiku kwa hesabu ya Kiswahili, yaani 20:00 kwa saa za kule. Taksi moja itatutosha?

Bwiru Juu

Taksi ya kawaida inabeba abiria 4, na mtoto anahesabiwa. Agizeni ile kubwa tangu mapema. Mkitaka treni, ile ya R2 Nord inaondokea jengo la abiria la T2, kwa hiyo mkitua jengo la T1 mnapanda kwanza basi la bure la kuunganisha. Kadi ya T-casual (safari 10, ya mtu mmoja) inakubaliwa kwenye treni hiyo, lakini haikubaliwi kwenye vituo vya metro vya uwanja wa ndege.

Muda wa kuingia wenye nyumba wanaandika 15:00 au 16:00, usiku wengine wanatoza zaidi. Kwa sheria lazima wasajili pasi ya kila mgeni, na wengi hawatumi namba ya kufungulia mlango mpaka picha za pasi zote tano ziwafikie. Zitumeni mkiwa bado Dar, na namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, simu zikikosa mtandao pale mlangoni msikwame.