Naomba ushauri: nataka kumpandisha mama meli ya kitalii, anatumia kiti mwendo

Mwana_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Korosho msimu huu zimetutoa kimasomaso, nimeona kabla sijaingiza hela kwenye matofali nimfanyie mama jambo. Ana miaka 71, anatumia kiti mwendo. Tangu tukiwa wadogo anatusimulia meli ya Dar aliyopanda usichana wake, enzi hizo Daraja la Mkapa halijaota hata kwenye karatasi. Nimepata safari ya siku nne inayoanzia Durban, inagusa Portuguese Island upande wa Msumbiji, inarudi. Swali langu ni moja tu: dawa gani ya kichefuchefu cha bahari inamfaa mtu mzima? Msinipeleke kwingine tafadhali.

Mpwa wa Nachingwea
Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, bandarini hapo kuna meli za makaa ya mawe, Durban ya nini?

MamaPacha
Tangawizi. Mimi 2016 nilivuka Unguja kwenda Pemba, tulipoupita tu mkondo wa Nungwi abiria wote kimya, kila mtu na mfuko wake. Jamaa mmoja alikuwa ananichombeza tangu bandarini, baada ya hapo hata macho hakuniangalia tena. Mkae katikati ya meli, ghorofa za chini, hapo hapayumbi sana. Vidonge vipo ila kama mama anatumia dawa za presha aulizwe daktari wake kwanza.

Ustadhi Magomeni
Bwana mdogo, nyumbani kwa mama kuna choo cha kukaa? Kuna mteremko mlangoni au bado mnamshusha kama mzigo? Tuanzie hapo kabla ya Durban. Hela ya kupanda meli inajenga vyoo viwili na tanki la maji juu.

Mwana_Shangani
Ustadhi, choo cha kukaa kipo tangu 2022. Nimeomba dawa ya kichefuchefu.

Kuli Mstaafu
Nimefanya kazi melini miaka kumi na moja, upande wa jikoni. Kijana, dawa ya kutapika ndiyo shida yako ndogo kuliko zote. Nijibu matatu. Mama anaweza kusimama, hata kwa kushikilia? Chumba mlichopewa ni kile cha walemavu au cha kawaida? Upana wa kiti, tairi hadi tairi, ni sentimita ngapi?

Mwana_Shangani
Chumba ni kizuri, kina picha kwenye simu. Mama ana nafuu kubwa. Kuhusu pasipoti nimeshalipa ile 150,000, na Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa siku 90, kwa hiyo hilo limeisha.

Kuli Mstaafu
Sikuuliza pasipoti.

Binti Mikindani
Na mimi naongeza la nne, samahani kaka. Melini nani atamwogesha mama?

Mpwa wa Nachingwea
Uzi umeanza kunoga. Mwenye korosho za kukaanga apitishe huku.

Mwana_Shangani
Sawa. Mama alipata kiharusi 2021. Hasimami. Upande wa kulia wote haufanyi kazi. Chumba ni cha kawaida, kwa sababu vile vya walemavu wakala aliniambia vimeisha kwa tarehe hiyo. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kueleza hali ya abiria, nikajaza "anatembea kwa msaada". Na malipo ya awali nimeshatoa. Lakini nieleweni: mimi ndiye ninayembeba kila siku kitandani hadi kwenye kiti, kiti hadi barazani. Ana kilo 52. Siku nne nitashindwa nini? Kuoga, dada yangu ndiye anayemwogesha. Dada sijamwambia bado, maana atataka hela iende kwenye bati.

Kuli Mstaafu
Ndiyo maana niliuliza. Sikiliza sasa.

Milango ya vyumba vya kawaida melini ni myembamba, mingi haifiki sentimita 60. Kile chumba cha walemavu mlango wake ni kama sentimita 80, bafu lake halina kizingiti, kuna kigoda cha kuogea na vyuma vya kushikilia. Bafu la chumba cha kawaida lina kizingiti cha chuma kuzuia maji yasitoke, na ndani ukigeuka unagonga sinki kwa kiwiko. Utamshika mama ukiwa umesimama wapi?

Pili, wahudumu hawaruhusiwi kunyanyua abiria. Watasukuma kiti, hawatambeba. Na meli haina kiti cha kukukopesha safari nzima, hicho cha kwenu ndicho cha kutegemea.

Tatu, hiyo Portuguese Island haina gati. Mnashushwa kwa viboti mpaka mchangani, bahari ikichafuka hata mwenye miguu miwili anaachwa juu. Jua mapema kwamba mama atabaki melini.

La nne ndilo linaloniuma. Ile fomu siyo ya kukubania. King'ora kikilia lifti hazitumiki. Kuna orodha ya watu wa kufuatwa vyumbani na kushushwa ngazi kwa viti maalumu. Ukiandika "anatembea" mama hayumo kwenye orodha hiyo.

MamaPacha
Hapo kwenye orodha nimesisimka mwili. Kuna watu tuliwazika baada ya meli ya Spice Islander kuzama mwaka 2011, majina hata kwenye karatasi ya abiria hayakuwepo.

Mwana_Shangani
Mkuu nimekusoma. Ila zile ni meli za kisasa, hazizami ovyo. Na nikisema ukweli sasa hivi watafuta nafasi, hela ya awali inapotea. Nimepima kiti kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 66.

Ustadhi Magomeni
66 kwenye mlango wa 60. Allah akupe akili.

Tajiri Mnyonge
Ngojeni kwanza. Mimi sina haraka ya kulia na mtu mtandaoni. Nimepitia nyuzi za huyu jamaa. Mwaka jana kwenye uzi wa mgogoro wa shamba la mikorosho Naliendele aliandika, nanukuu: "tangu mama alipotuacha 2019". Leo mama amepata kiharusi 2021. Marehemu anapanda meli? Muda si mrefu itafuata namba ya kuchangia.

Mpwa wa Nachingwea
😂😂😂 Marehemu ana kilo 52.

Shabiki wa Kitangari
Nilijua tu. Mtwara mtu wa korosho akipata hela ananunua bodaboda, hapandi meli Durban. Chai hii.

Mwana_Shangani
Aliyefariki 2019 ni mama aliyenizaa. Huyu ni mdogo wake, amenilea tangu nina miaka mitatu. Mnataka niandike "mama mdogo" kwenye kila mstari ili mridhike? Na namba ya kuchangia sijatoa.

Tajiri Mnyonge
Sasa mama mdogo ndiyo useme "mama" tu? Huko ni kupotosha.

Binti Mikindani
Wewe si wa huku. Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wamwera, ukoo unafuata mama. Mdogo wake mama ni mama, hakuna nukta mbele. Mimi nina mama watatu na wote wananichapa. Kaka, mwache huyo. Ila nirudi kwenye swali langu: bila dada yako hiyo safari haipo. Mama wa miaka 71 kuogeshwa na mwanaye wa kiume kwenye bafu la kugeukia kwa kiwiko, umemuuliza mwenyewe? Umeshamuuliza chochote?

Mwana_Shangani
Nilitaka iwe ya kushtukiza.

Kuli Mstaafu
Jaribio la bure: kesho mpeleke kwenye pantoni ya Msangamkuu. Nenda na kurudi. Utajua mengi kuliko nitakayokuandikia mimi.

Tajiri Mnyonge
Weka picha ya risiti.

*(siku tatu baadaye)*

Mwana_Shangani
Nimerudi. Tulikwenda Msangamkuu Jumamosi. Kwenye ule ulimi wa chuma wa pantoni magurudumu madogo ya mbele yalinasa, kiti kikalala mbele, vijana wawili wakakiwahi wakanyanyua mama na kiti chake. Mkono wake mzima ulikamata shati langu, kifungo kimoja kilitoka. Tulipokaa sawa akaniuliza, "Hivi ndivyo utakavyonibeba hata huko unakokuficha?" Kumbe alijua. Dada naye alijua, rafiki yake wa Chuno alimtumia uzi huu usiku uleule. Mtwara hii.

Upande wa kurudi alikataa kutazama watu, alitazama maji tu. Kisiwa hakitaki. Kasema alipokuwa kwenye ile meli ya zamani hakushuka popote pia.

Nimempigia wakala nikasema ukweli. Kagoma kwanza, halafu kasema chumba cha walemavu kipo safari ya Machi, kuna nyongeza, na sehemu ya hela ya awali itakatwa. Dada anataka kuja, kwa hiyo ni pasipoti nyingine na tiketi nyingine ya ndege. Bado napiga hesabu, huenda mkorosho mmoja wa pembeni ukakodishwa. Kuli, shikamoo mzee wangu.

Kuli Mstaafu
Marahaba. Shirika la ndege lijulishwe habari za kiti angalau saa 48 kabla. Na msiende Dar kwa basi wiki yenyewe ya safari, mvua zikichachamaa njia ya kusini mnaijua. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara pale Somanga ilikatika.

Ustadhi Magomeni
Na choo kipakwe rangi.

Mpwa wa Nachingwea
Kifungo cha shati kilipatikana?

Tajiri Mnyonge
Picha ya risiti bado.