Mama ana moyo dhaifu, daktari amesema atembee lakini hataki. Nyinyi mlifanyaje?

Kitinda_Mimba
Wasalaam wadau. Mamangu ana shida ya moyo kutopampu damu vizuri, dawa anakunywa, miguu imeacha kufura na kliniki wakasema sasa ametulia anaweza kuanza kutembea pole pole. Lakini yeye anasema moyo mgonjwa haupewi kazi, na dadangu mkubwa anamuunga mkono, hata kikombe chake haoshi siku hizi. Tuko ghorofa ya tatu Umoja so kushuka tu ni vita. Nimshawishi vipi bila kumgombeza?

Zamu_ya_Usiku
Mimi ni nesi. Mamako hajabuni hiyo maneno, zamani hata madaktari waliwaambia wagonjwa wa moyo walale tu. Shida ni ukikaa sana misuli ya mapaja inaisha, na misuli dhaifu haijui kutumia oksijeni vizuri, so hata ukienda choo unahema, ukihema unaogopa, ukiogopa unakaa zaidi. Sehemu kubwa ya ule uchovu ni miguu kuzembea, si moyo peke yake, na hiyo miguu inarudi ukiifanyisha kazi. Kuna utafiti mkubwa unaitwa HF-ACTION, matokeo yalitoka 2009, wagonjwa 2,331, ukaonyesha mazoezi ni salama kwa waliotulia na maisha yao yakawa afadhali kidogo. Kidogo, sisemi ni muujiza.
Kipimo ni kuongea. Akitembea aweze kukujibu sentensi nzima, akikatika katikati apunguze mwendo. Usihesabu mapigo, dawa nyingi za moyo zinayashusha kwa hivyo yatakudanganya.

Baba_Shiro
Kwa mzee wangu neno "mazoezi" ndilo lilikuwa linaharibu kila kitu, alikuwa anaona ni mambo ya vijana wa jim. Tukaacha kulitaja. Tukaanza kumtuma gazeti kwa kibanda cha karibu, mwanzoni anaenda na kurudi anapumzika kwa benchi ya fundi viatu, halafu wakawa marafiki wa siasa na huyo fundi na hapo sasa ukimzuia asitoke ni kesi. Mama anapenda nini? Jumuiya? Soko? Mtafutie safari yenye sababu.
Na angalieni saa ya ile dawa ya kukojoa, ukimtoa nje akishaimeza tu atakuwa anatafuta choo njia nzima na kesho hatakubali tena. Hiyo ndiyo ilikuwa inamzuia mzee na alikuwa anaona aibu kusema.

Mkaazi_wa_Kayole
Sawa lakini msimsukume tu. Apimwe uzani kila asubuhi, akiongeza zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hayo ni maji, apigie kliniki kabla ya kutembea popote. Kifua kikiuma, kizunguzungu, au moyo ukienda mbio ovyo asimame, na isipoisha akiketi ni hospitali mara moja. Pia asibebe mtungi wa maji wa lita 20, mtu akiinua kitu kizito anabana pumzi na presha inapanda.

Kitinda_Mimba
Asanteni sana, hiyo ya choo sikuwa nimeifikiria kabisa na nikikumbuka vile anakataa asubuhi tu, jioni anasitasita, naona ndiyo hiyo. Lakini zile ngazi?

Zamu_ya_Usiku
Ngazi ziache kwanza. Aanzie kwa koridoo, dakika tano, asubuhi na jioni, akizoea unaongeza kidogo. Na kusimama na kuketi kwa kiti kigumu mara kadhaa, hiyo ndiyo inajenga mapaja ya kupanda. Siku mtashuka, wekeni kiti kila ghorofa. Na dadako aende naye kliniki ijayo aambiwe na daktari mwenyewe, wewe kitinda mimba hatakusikiza.

Kitinda_Mimba
Hahaha hiyo ni ukweli. Kliniki ni wiki ijayo, nitamwambia nina kazi ndio ampeleke yeye.