Amotisa mpya, rotili mpya, gari bado linagonga: mafundi wa Goma, kwa nini tunalipia kubahatisha kwenu?

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa wiki saba gari langu, Toyota ndogo ya usukani wa kulia kama zilivyo nyingi hapa Goma, limekuwa likigonga upande wa mbele. Katika wiki hizo garaji mbili zimenitoza jumla ya dola 265, zimebadilisha vipuri ambavyo havikuwa na kosa, kisha zikanirudishia gari likiwa na kelele ileile. Garaji ya tatu ilitaka dola 380 nyingine. Kilichokuwa kimeharibika kiligharimu dola 24.

Kelele hiyo ilikuwa na tabia zake, na kila nilipokwenda nilizieleza bila kuruka hata moja. Kwenye lami haikusikika. Ilisikika nikienda polepole kwenye mawe ya volkano ya mtaani kwetu Ndosho, hasa pale gurudumu moja linapopanda jiwe huku la pili likitumbukia shimoni: ko-ko, ko-ko-ko, kavu na nyepesi, kama mtu anayebisha mlango wa mbao kwa kidole. Nikikanyaga breki kidogo, haikubadilika. Nikikata usukani mpaka mwisho gari likiwa linatembea, haukutoka ule mlio wa tak-tak-tak wa kadani (ekseli inayozungusha gurudumu) iliyokwisha. Na nikivuka tuta ambalo magurudumu yote mawili ya mbele hulipanda kwa pamoja, kelele ilikaribia kupotea kabisa. Fundi anayeijua kazi yake, akiambiwa hayo manne, amekwisha kumaliza nusu ya uchunguzi kabla hajashika ufunguo.

Wa kwanza alibonyeza boneti mara mbili kwa kiganja, akaniambia, «Mama, amotisa zimekufa.» (Wenzetu wa Tanzania wanaziita shokapu.) Dola 170 pamoja na kazi. Hakuinama kutazama kama zinavuja mafuta, ilhali zilikuwa kavu, zimeshika vumbi tu. Gari lililobonyezwa na kuachwa linapaswa kupanda na kutulia, na langu lilitulia palepale mbele ya macho yake. Hayo ninayajua leo. Siku ile nililipa.

Wa pili alionekana makini zaidi, na ndiyo maana yeye ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Aliinua gurudumu la kushoto kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa, akatamka kwamba rotili, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu kwa chini, imelegea. Nilimwomba anionyeshe huo ulegevu kwa macho yangu, akanijibu, «Mama, wewe kaa pale kivulini, acha sisi tufanye kazi.» Akabadilisha rotili zote mbili, dola 95. Nilipoomba zile za zamani nikaambiwa zimekwisha kutupwa. Zimetupwa wapi, ndani ya saa moja, katika ua ambao una vyuma vichakavu vya miaka kumi vilivyorundikwa ukutani? Sikupata jibu. Jioni ile nilipoingia mtaani kwetu, ko-ko-ko.

Kuhusu wa tatu sitasema mengi. Hakuinua gari wala hakuliendesha. Alizungusha usukani kushoto na kulia akasema kremayera, ile fimbo ya meno inayogeuza magurudumu ukizungusha usukani, imekwisha. Hapo nilikataa.

Jumapili iliyofuata nilimwita shemeji yangu, ambaye kwa miaka mingi alitengeneza malori ya mizigo na sasa amestaafu kwa sababu ya mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: je, kwenye tuta kelele inapungua kweli? Nilipomthibitishia, akasema tusianze na kitu kingine chochote kabla ya bieleti.

Kwa asiyezijua, mbele ya gari kuna fimbo ndefu ya chuma inayopita kutoka upande mmoja hadi wa pili ili gari lisilale kwenye kona, na kila ncha ya fimbo hiyo imeshikwa na kiungo kifupi chenye kichwa cha mviringo. Hicho ndicho bieleti. Magurudumu yakipanda pamoja, fimbo inazunguka tu bila kujikunja, kwa hiyo bieleti hazifanyi kazi kubwa. Likipanda moja peke yake, fimbo inajikunja na bieleti zinavutwa huku na huku. Ndiyo maana langu lilinyamaza kwenye tuta na kupiga kelele kwenye mawe. Na hapa ndipo kosa la yule wa pili lilipolala: ukiinua gurudumu moja tu kwa jeki, umekwisha kuikunja fimbo, bieleti zimekazwa kwa nguvu, na ulegevu wote umefichika. Utazitikisa mpaka jioni na utaapa kwamba ni nzima.

Shemeji aliliacha gari lisimame kwa magurudumu yake yote, akajilaza chini, akashika bieleti ya kulia kwa vidole viwili. Ilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimechanika, grisi imetoka yote, na ndani mlikuwa na matope makavu ya kijivu. Ya kushoto ilikuwa na nafuu kidogo. Akazifungua zote mbili, akaniambia niendeshe taratibu kuzunguka mtaa bila bieleti. Nilizunguka mara mbili. Kimya! Kesho yake nilinunua bieleti mbili mpya mtaani Birere kwa dola 12 kila moja.

Akiwa bado chini, aliniita nitazame jambo jingine. Yule wa pili, alipofungua mkono wa chini (chuma ambacho rotili hufungwa kwenye ncha yake) ili kuweka rotili, alikuja kukaza boliti za bushi zake, yaani viungo vyake vya mpira, magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Mpira wa bushi ukikazwa hivyo, gari likishushwa unabaki umejipinda saa zote hata likiwa limeegeshwa, na unachanika kabla ya wakati. Boliti hizo hukazwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Kwa hiyo sikulipia tu kipuri nisichokihitaji. Nililipia pia uharibifu wa kile kilichokuwa kizima.

Nilirudi kwa huyo wa pili. Mwenye garaji hakuniuliza hata swali. Alisema, «Mama, barabara za Goma ndizo mbaya.» Ni kweli ni mbaya! Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji huu mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 mpaka Buhene, na mawe hayo tunayakanyaga sisi sote, yeye akiwamo. Ila fundi anayeishi juu ya mawe hayo, na ambaye kila siku anapokea magari yanayogonga, ndiye anayepaswa kujua kwamba bieleti hutazamwa mapema. Na asinitishe kwa kusema rotili ni hatari. Ninajua ni hatari: ikichomoka, gurudumu linalala na gari halina usukani tena. Kwa sababu hiyohiyo mtu asiyeweza kutofautisha rotili nzima na mbovu hana haki ya kugusa gari la mtu, kwani leo amebadilisha nzima, kesho ataiacha mbovu na kumwambia mwenye gari aende salama.

Zile amotisa nitazivumilia, maana angalau ninazo, na ni mpya. Dola 95 za rotili ninazidai pamoja na bushi mbili za mkono wa chini. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pao na shemeji, tukiwa na bieleti za zamani kwenye mfuko, na safari hii sitakaa kivulini. Ikiwa kuna mwingine aliyebadilishiwa rotili kwa namna hiyo na akanyimwa za zamani, aandike hapa chini kabla ya siku hiyo.