Huyu daktari wa "hematoma" ataniua kwa presha

MtuWaMadai:
Wakuu, jina simtaji. Mnaofanya kazi hapa mnamjua, yule wa koti lisilofungwa vifungo anayetembea kama anagombea ubunge. Leo kanitukana bila kufungua mdomo.

Faili limerudishwa na bima. Mgonjwa alianguka na bodaboda, kapigwa CT, kaingizwa tieta, kafunguliwa fuvu, kalala ICU. Bili ukiishika juu inafagia sakafu. Sasa tazama sehemu ya ugonjwa, kaandika neno moja: Hematoma, yaani damu iliyovilia. Basi!

Nikamfuata na adabu zangu zote. "Shikamoo dokta, samahani, hii hematoma iko wapi?" Akachukua faili, akachomoa kalamu, AKAPIGIA MSTARI neno lile lile. Akaongeza na alama ya mshangao. Akanirudishia, akaenda kunywa chai.

Wakuu, sisi wa madai tunaiandikia bima ugonjwa kwa misimbo ya ICD-10, na kila mahali pana wake. Damu ikivilia kwenye kope ni S00.1. Kwenye paja S70.1. Chini ya dura, ule utando mgumu unaofunika ubongo, kwa ajali ni S06.5, juu ya dura S06.4, na ya chini ya dura ikijitokea yenyewe bila ajali inahama sura nzima, inakwenda I62.0. Ikitokana na upasuaji wetu wenyewe ni T81.0, hiyo ukikosea umeishtaki hospitali. Hata kichanga aliyevilia damu kichwani wakati wa kuzaliwa ana yake, P12.0. Mimi nipige kura?

Kijana mmoja wa ofisini alishaweka T14.0, yaani jeraha la juu juu sehemu isiyotajwa. Bima wakajibu: "Mmefungua fuvu kwa jeraha la juu juu?" Siwapendi, ila hapo nilikosa la kuwajibu.

Alipigia mstari jamani. MSTARI.

KalamuNyekundu:
Kwa hiyo uzi mzima huu ni wa mstari? Kanywe maji mkuu.

Mpenda_Kashata:
Si usome ripoti ya CT mwenyewe uweke msimbo, kazi iishe?

MtuWaMadai:
Ripoti ninayo, inasema subdura, yaani chini ya dura, kushoto. Lakini mimi sitibu mtu! Anayetibu ndiye anaandika: iko wapi, upande gani, ni ya ajali au la, ni mpya au ya siku nyingi. Nikibuni mimi, siku ya ukaguzi naitwa mimi, yeye yuko kwenye chai. Hata bodaboda yenyewe hakuiandika, nimeambiwa na ndugu wa mgonjwa dirishani.

DoktaWaFoleni:
Tuwe wakweli. Nina foleni imefika getini, nimetoka zamu ya usiku, halafu mtu wa ofisini anayepulizwa na feni ananiuliza kushoto au kulia. Hata mimi ningepiga mstari. Miwili.

MtuWaMadai:
Umeona wakuu? Ni ukoo huo.

NesiWaZamu:
Wa kwetu anaandika "aendelee na matibabu yale yale". Dawa zilishaisha, dripu ilishatolewa, mgonjwa kavaa viatu anasubiri ndugu zake. Yale yale yapi baba?

BintiMaabara:
Nyie mna neno zima mnalalamika. Sisi tunaletewa fomu imeandikwa "damu". Tupime nini, rangi?

KalamuNyekundu:
😂😂 Binti jibu: "Nyekundu."

BintiMaabara:
Nilishajibu hivyo. Nina barua ya onyo kabatini.

MzeeWaMfumo:
Mngejua IT tunavyoteseka msingelia. Napigiwa simu usiku mfumo umegoma, nafika, mtu kachomoa waya achaji simu.

NesiWaZamu:
Subiri kwanza. Dokta kasema ofisi ya madai wana FENI?

MtuWaMadai:
Hiyo siyo mada. Turudi kwenye mstari.

NesiWaZamu:
Ni nyeupe, ya kusimama, imefungwa plasta mguuni?

MtuWaMadai:
Feni nyeupe ziko nyingi mjini.

BintiMaabara:
Plasta ile nilifunga mimi kwa mkono wangu! Tuliambiwa imepelekwa kwa fundi!

DoktaWaFoleni:
Fundi gani, inazunguka vizuri tu. Nimeipita asubuhi.

MzeeWaMfumo:
Na mimi kuna ekstensheni yangu sijaiona tangu Pasaka. MtuWaMadai, hebu angalia chini ya meza yako.