Eti tuwatumie picha za wanufaika WAKITABASAMU!!!

Wakuu, mikono inanitetemeka lakini naandika hivyo hivyo. Mfadhili wetu mnamjua. Sina haja ya kumtaja, bendera yake imebandikwa mpaka kwenye ndoo za kunawia mikono.

Barua ya kusitisha mradi ilikuja na mistari minne. Minne! Wahudumu 12 wa afya ya jamii wakaambiwa kesho msije. Nikameza. Leo kwenye kikao cha mtandaoni bwana mkubwa anasema: "Kwa ripoti ya kufunga mradi, tunaomba picha za wanufaika, ikiwezekana wakitabasamu."

WAKITABASAMU! Yule mama tuliyekuwa tukimpelekea dawa za kifua kikuu mlangoni, leo anazifuata mwenyewe, anakohoa njia nzima. Nimsimamishe nimwambie cheka mama, cheka?

Na ni nchi tajiri, nyingi kati yao, zilizokubali kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1970 lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato la taifa kama msaada. Mwaka 2024 wafadhili wakubwa wote kwa pamoja wameishia 0.33. Uingereza ilijiwekea hadi sheria ya 0.7, ikashuka 0.5 mwaka 2021, sasa inaenda 0.3 ifikapo 2027 ili pesa ziende jeshini. Marekani ikafunga bomba la misaada Januari 2025, Julai shirika lake la misaada, USAID, halipo. Halafu mimi ndiye nitafute tabasamu!

Kipanga74: Pole mkuu. Sisi walitaka video. Na wimbo wa shukrani.

MamaRipoti: Umetuma au hujatuma? Jibu hilo kwanza.

Mleta uzi: SIJATUMA NA SITUMI! Wakitabasamu, dada yangu! Wakitabasamu!

Jiwe_la_Pembeni: Miaka yote umekula posho za semina hukufungua uzi. Leo bomba limekauka ndio unawaonea huruma wagonjwa?

Kipanga74: @Jiwe mwache mwenzio, ana uchungu.

Hesabu_Kali: Mnalia na picha, hamwangalii hesabu. Mkimbizi akipokelewa kwenye nchi za wafadhili, gharama zake za mwaka wa kwanza wanaziandika kama msaada kwa nchi maskini. Mwaka 2023 ilikuwa karibu asilimia 14 ya misaada yote. Pesa haijapanda hata ndege!

MamaRipoti: Bora hao wakimbizi wanakula. Sisi tuliletewa mshauri mwelekezi, wiki 3 hotelini, ripoti yake ukurasa wa 9 ina jina la nchi nyingine. Alinakili hata hakusoma.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye picha

Jiwe_la_Pembeni: Ukurasa wa 9 tu? Wetu alikosea kwenye jalada.

Kipanga74: Hamjakutana na mkaguzi wa hesabu. Tulivuka mto kwa mtumbwi kupeleka vyandarua, akakataa matumizi yote mpaka mpiga kasia alete risiti.

MamaRipoti: Risiti ya mtumbwi??

Kipanga74: Yenye muhuri.