Je, Mpemba alijua, au aliamini tu?

Mwalimu_Temeke
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Dar es Salaam, na kila tunapofika kwenye mada ya joto wanafunzi hunirudisha kwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa na sukari, alioutia kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, alimuuliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya ya baridi Dkt. Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa.

Lakini mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walisema hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa jambo hilo, na wakaonyesha kuwa kupishana kwa kina cha vipimajoto ndani ya maji kwa sentimita moja tu kunaweza kuzaa tokeo la uongo. Ikiwa maarifa ni imani ya kweli yenye sababu za kutosha, fasili inayojadiliwa tangu enzi za Plato, na ukweli wenyewe bado unabishaniwa, je, Mpemba alijua kitu? Na kama hakujua, tunamsifia nini?

Msomaji_Mlimani
Shikamoo Mwalimu. Nadhani swali lako limebeba mambo mawili yanayofaa kutenganishwa. Kwamba chombo chake kiliganda kwanza siku ile, Mpemba alijua, kwa kuwa alikiona kwa macho yake. Kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, hiyo ni kanuni, na kanuni haithibitishwi na friza moja. Kosa la waliomcheka ni kwamba walitumia kanuni waliyoikariri kukana tukio ambalo hawakulichunguza. (Mwaka huohuo wa 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu iliyoitikisa fasili uliyoitaja, kwa hiyo hata wanafalsafa hawana pa kuegemea kwa uhakika.)

Kinachonigusa zaidi ni kilichotokea maabara hapa Dar es Salaam. Osborne alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza, kisha akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Alikuwa na vifaa, alikuwa na tokeo mkononi, ila moyoni jibu alikwisha kuliamua. Hapo ndipo ninaposema kuwa uadilifu umo ndani ya sayansi yenyewe, kwa maana kipimajoto hakimlazimishi mtu kukubali anachokisoma.

MamaBarafu_Mbagala
Mimi nauza barafu za ubuyu na ukwaju, si msomi wa falsafa. Ubuyu nikishauchemsha huuacha upoe kwanza, maana ukiuingiza wa moto friza nzima inapata joto na za jana zinalainika. Pia barafu iliyogusa ukuta wa friza huganda mapema kuliko iliyo katikati, hata kama zimetoka sufuria moja. Kwa hiyo anayelinganisha vyombo viwili aseme kwanza kila kimoja kilikaa wapi.

Mdadisi_Upanga
Mama amegusa kiini cha jambo. Ningeongeza tahadhari moja: tusimtetee Mpemba kwa sababu ni wetu. Walioipinga kanuni hiyo mwaka 2016 walipima, na kwa kupima walimpa heshima aliyonyimwa na darasa lake. Kumsikiliza mtu hakutulazimishi kumkubalia. Kunatulazimisha kwenda kuangalia.

Mwalimu_Temeke
Marahaba Msomaji, na asanteni nyote. Wiki ijayo nitawapa wanafunzi vyombo viwili vinavyofanana na maji ya ujazo uleule, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha moto sana, na vyote vitakaa mbali na ukuta wa friza. Je, niwaeleze mabishano haya kabla ya jaribio au baada?

Msomaji_Mlimani
Baada, Mwalimu. Kabla ya hapo kila mmoja aandike anachotarajia na sababu yake, akukabidhi karatasi, ndipo mfunge friza.