Naomba ushauri: majani ya mlonge kwa panya wenye kisukari

Habari zenu wakuu. Nasoma uzamili wa famasia, na utafiti wangu ni kupima kama majani ya mlonge yanashusha sukari kwa panya weupe wa maabara. Kibali cha kamati ya maadili kipo, panya wapo, ila mawili yananikosesha usingizi.

Msimamizi anataka niloweke majani kwenye ethanoli, kwa kuwa inatoa kemikali nyingi zaidi. Lakini mtaani watu wanachemsha na kunywa, hakuna anayeloweka kwenye spiriti! Tena dondoo la ethanoli haliyeyuki vizuri kwenye maji. Itabidi nitie Tween 80 (kemikali ya kusaidia dondoo lichanganyike na maji), na kundi la kulinganishia nalo lipewe Tween 80 ile ile. Je, nipime zote mbili, ya maji na ya ethanoli?

Gumu zaidi ni aloksani, kemikali ya kuwapa panya kisukari kwa sindano. Inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ila zikifa zinamwaga insulini iliyokuwemo kwa mkupuo, na panya anaweza kufa kwa sukari kushuka kabla hujampa dawa yoyote. Maji ya glukosi baada ya sindano nayajua. Shida nyingine, baadhi hupona wenyewe, halafu mlonge ukapata sifa ya bure. Mliowahi kuitumia, mlisubiri siku ngapi kabla ya kuanza dozi? Au nihamie streptozotosini, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, japo bei yake inatisha?

Tafadhali, aliyeshika panya kwa mikono yake ndiye anijibu kwanza. Makala nimeshasoma za kutosha.